Kijiko cha Kwanza

Kolwezi, tarehe 17 Aprili 1993

Kwa kaka yangu mkubwa, Yaya Séraphin,

Kabla ya salamu, nakuomba kitu kimoja. Aliyekukabidhi karatasi hii mwache akae chini, hata kama ni juu ya mzigo wake. Usimuulize jina. Soma mpaka mwisho, ndipo umtazame usoni.

Sasa nakusalimu. Umeamkaje huko Likasi? Kile kikohozi kimekuachia? Mimi ni mzima, ila magauni yamekuwa mapana. Baba hajarudi kutoka Musumba alikokwenda kutafuta unga. Barabara ya kule unaijua, lori likikwama linakaa wiki. Mama anakusalimu sana. Habari zake nitakuandikia kwa utaratibu, kwa sababu barua yangu ya kwanza niliiandika kwa hofu na haikuwa na kila kitu.

Unajua kwamba mama alipasuliwa tumbo mwezi wa pili, siku chache baada ya shule yetu kufungwa. Walimu wetu karibu wote walikuwa watu wa Kasai, na walipofukuzwa warudi mkoa wao hakukuwa na mtu wa kushika chaki. Nikatoka darasani nikaingia hospitalini. Jiko la hospitali lilikuwa limezimwa zamani, kwa hiyo kila mgonjwa lazima awe na mtu wake wa kumpikia, kumwogesha na kumfulia. Sisi watu hao tunaitwa garde-malade. Hatulipwi, hatuna kitanda, tunalala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mgonjwa. Hakuna aliyenionyesha kazi hiyo. Siku mbili za kwanza niliogopa hata kumgusa mama, nikawa nasimama tu na beseni mkononi.

Aliyenionyesha ni Mama Mbelu wa kitanda cha jirani, yule niliyekuandikia habari zake. Alikuwa akimlinda mume wake, Tata Badibanga, fundi wa zamani wa mgodini Kingamyambo aliyevunjika mguu kwa kuanguka kutoka juu ya paa la nyumba yake. Mama Mbelu alinifundisha kumgeuza mama bila kuvuta mshono, na kubadili shuka mgonjwa akiwa juu yake. Akaona macho yangu mekundu, akaniambia, “Mugonjwa iko na weye. Sasa weye uko na nani?” Akanilazimisha nilale mchana, yeye akawatazama wagonjwa wote wawili. Tata Badibanga naye alinitania kwamba bukari yangu, huo ugali niliousonga, ni ngumu, angekuwa nayo asingeanguka, angezibia paa nayo. Yaya, mambo haya sikukuandikia. Ninaona haya kwa kuyaacha.

Sisi tuliopika uani tulikuwa na desturi yetu. Ukimpa mgonjwa wa mwenzako chakula, wewe uliyepika unakula kijiko cha kwanza mbele yake, ndipo unamkabidhi. Hakuna anayeuliza kwa nini. Nyakati hizi kila mtu anajua kwa nini. Mama Mbelu alimletea mama kikombe cha uji wa mahindi na karanga kila asubuhi, na kila asubuhi alikula kijiko cha kwanza, akatabasamu, akanipa.

Kisha vijana wakaanza kupita mtaani wakiwatoa watu wa Kasai nyumbani kwao, na maneno yakaingia mpaka wodini. Mama Laurentine wa kitanda cha tisa alihamisha babula yake, jiko lake la makaa, mbali na ya Mama Mbelu. Aliniita kando akaniambia, “Batu ba vile habapane kitu bure. Angalia kijiko, mutoto.” Tangu siku hiyo sikuangalia kitu kingine. Nilianza kuona kwamba Mama Mbelu anafunga unga wake kwenye kitambaa chenye mafundo mawili. Niliona anamimina uji akinipa mgongo. Kila nilichokuwa nimekiona kama wema nikakiona upya kama mtego. Alipomgeuza mama, nilitazama vidole vyake.

Na siku moja hakula kijiko cha kwanza. Alinipa kikombe, akageuka, akaenda zake. Nikasema labda amesahau. Kesho yake hakula tena. Siku ya tatu nilimtazama waziwazi, naye akatazama chini. Nilimweleza Mama Laurentine, akapiga makofi mara moja akasema kwamba basi, nimeshaona mwenyewe.

Wiki ile mama alianza kulegea. Mikono yake ilikuwa baridi, sauti ilikuwa ndogo, akawa hawezi kukaa bila kushikwa. Ndipo nilipokuandikia kwamba yule mwanamke wa Kasai anamlisha mama sumu. Nilikuandikia jina lake, kovu la kidevuni na kitenge cha kijani chenye samaki. Mama Laurentine alisema neno lilelile kwa walinzi wa mlango. Walikuja saa nne asubuhi. Waliichukua kadi yake ya kuingilia, wakawatoa yeye na Tata Badibanga na gongo lake, mguu ungali umefungwa. Mama Mbelu hakupiga kelele. Alinitazama tu, mimi nikajifanya nakunja shuka. Jioni ile babula yake ilikuwa inapikia bukari ya Mama Laurentine.

Jibu lako lililetwa na Tata Feruzi wa malori. Uliandika kwamba nisilie, kwamba kila mtu anayefukuzwa Kolwezi treni yake inapita Likasi, na kwamba wewe na wenzako mnaopanda mabehewa mtamtambua kwa kovu. Uliandika kwamba hatafika Kasai. Nimelisoma jibu hilo mara nyingi, Yaya. Ndilo linaloniandikisha barua hii.

Siku ya pili baada ya wao kutolewa, muuguzi alimpima mama, akamvuta ngozi ya mkono, akaniuliza mgonjwa huyu anakula nini. Nilimjibu kwamba kuna mtu alikuwa akimpa uji wenye sumu. Muuguzi alisema haoni sumu hapa, anaona njaa. Akaniuliza tena, anakula nini? Wodi nzima ilikuwa inanitazama. Unajua nikitazamwa na watu ninavyokuwa. Niliinua beseni nikatoka nje bila kulisema neno lenyewe.

Sasa nalisema kwako. Mama hakuunywa ule uji. Tangu siku Mama Mbelu alipoacha kuonja, kila asubuhi nilipokea kikombe, nikasema asante, nikakimwaga kwenye mfereji nyuma ya wodi. Siku kumi na moja. Unga wetu ulikuwa wa mlo mmoja kwa siku, na mama alikula huo mmoja tu. Alipouliza uji uko wapi, nilimwambia Mama Mbelu amechoka kutupa. Alilegea kwa sababu ya mkono wangu, nami nikauchukua ulegevu wake kuwa ushahidi.

Nilikwenda kituo cha treni kumtafuta. Watu ni wengi kule, wanalala chini ya masanduku, wengine wamengoja behewa tangu mwezi uliopita. Nilimkuta amekaa karibu na reli, mguu wa mume wake juu ya mapaja yake. Kabla sijafungua kinywa aliniuliza kama mama anakula. Nikalia, nikamwambia yote, na barua niliyokuandikia, na jibu lako. Nilimuuliza kwa nini aliacha kuonja. Tata Badibanga akajibu badala yake. Alisema unga ulikuwa unakaribia kwisha, uliobaki ulitosha vikombe viwili tu kila asubuhi, kimoja chake yeye mgonjwa na kimoja cha mama. Mke wake aliona kijiko cha kwanza ni kijiko cha mgonjwa, na mke huyo mwenyewe alikuwa anashinda kwa maji tu. Alikwepa macho yangu kwa sababu aliona aibu nikijua. Yaya, huo ndio uji niliomwaga.

Mama sasa anakaa mwenyewe. Nimeuza daftari zangu na sare ya shule kwa karanga na unga kidogo, na ninakula kijiko cha kwanza mbele yake bila kuombwa. Nilimweleza yote. Hakunipiga. Alinigeuzia mgongo, uso ukutani, mpaka saa sita, kisha akaniambia nikuandikie kabla treni haijaondoka.

Nilifikiri kumpa Tata Feruzi barua hii, nikaogopa atachelewa. Kwa hiyo nimempa Mama Mbelu mwenyewe. Nimemwambia asiionyeshe kwa mtu ila kijana atakayemtafuta kwa kovu. Kama unaisoma, basi umemkuta, na ndiye aliyekaa mbele yako. Yule wa gongo ni mume wake. Wasimamie mpaka behewa litakapovuka Likasi, wenzako wasiwaguse. Ukiwa na chakula, wape. Lakini kula wewe kijiko cha kwanza mbele yake, Yaya, maana sasa ni zamu yake kutuogopa sisi.

Mama yetu Ernestine anakubariki, na anasema atangoja kusikia kwamba wamepita. Wasalimie wote wa nyumba unayolala. Mimi niko hapa kwenye mkeka wangu, chini ya kitanda chake.

Mdogo wako,
Stéphanie Mwenze