Miche Mia Mbili kwa Siku Moja

Jumamosi, 14 Januari 1995
Leo nimewagaragaza wote! Nimepanda miche mia mbili kabla ya saa nane. Mshikaji wangu Kasimiri, na mabega yake yale ya kubeba magunia — tisini! Nikamwambia aende akamsaidie mama yake kuchambua maharage.

Kilima cha juu ya chemchemi sasa ni chetu sisi wa mtaa. Halmashauri imepunguza walinzi, msitu wametuachia sisi na kamati yetu. Na katibu wa kamati ni nani? Mimi! Kidato cha pili niliishia njiani, ila mwandiko wangu — acha kabisa.

Siri ya ushindi: wenzangu wanachana kwanza kiriba, kile kifuko cha nailoni kilichooteshewa mche, kila mmoja. Mimi nafukia nacho. Bwana Misitu alieleza mambo mengi, nami nilikuwa namtania Salome. Kwani sisi Wafipa hatujui kufukia? Kwenye matuta ya ntumba tunazika majani mabichi, mwakani ni mbolea tupu. Udongo wetu unaozesha kila kitu.

Jumapili, 15 Januari
Mkutano baada ya misa. Nimepigiwa makofi! Bibi Bertilla hakupiga. Shamba lake la ulezi limeingia msituni, kabakiziwa bustani ndogo karibu na maji. Kasema mbele ya watu miti haitamlisha. Nikamwambia, bibi, utakula kivuli. Watu walicheka mpaka basi.

Jumanne, 30 Mei
Mvua zimekatika wiki tatu tu sasa, tayari miche ya upande wangu imekauka. Yote! Ya Kasimiri inanifika magotini. Mwenyekiti, Mzee Isdori, kasema huu ni mkono wa mtu. Macho yote kwa Bibi Bertilla. Si alisema? Si bustani yake inapakana? Eti anaimwagia maji ya moto. Nami — nani alinituma? — nikasema kweli, mzee, achunguzwe.

Jumatano, 31 Mei
Nimepanda kilimani peke yangu. Nikang'oa mmoja.

Nailoni nzima, nyeusi, inang'aa kama siku ile. Mizizi imejizungusha humo ndani, haikupata pa kutokea. Nikang'oa wa pili. Wa tatu. Nikarudishia upesi, nikakanyaga udongo.

Sijala.

Jumapili, 4 Juni
Kamati imekaa. Sheria tulitunga wenyewe: aharibuye miti ananyang'anywa eneo. Bustani ile ndiyo inayomlisha bibi na wajukuu wawili. Kasimiri peke yake alibisha: mbona hakuna hata mmoja aliyemwona na maji hayo? Mzee Isdori akamnyamazisha, akanigeukia. Katibu, mwandikie bibi barua, ajibu kwa maandishi kesho.

Nikaandika.

Jumatatu, 5 Juni
Aibu gani hii! Bibi Bertilla kaja kwangu. Kwangu! Nimemwamkia shikamoo mara mbili, sijui kwa nini. Hajui kusoma, kwa hiyo barua ya kamati nimemsomea mimi, niliyeiandika. Hakulia. Kafungua kanga, katoa viazi vinne vya moto, kaniwekea mezani. Kasema: mjukuu wangu, niandikie majibu, mtaa mzima hakuna anayekushinda kalamu.

Kakaa pale mlangoni, kanyoosha miguu juani. Anasema, naandika. Kwamba hajagusa mche hata mmoja. Kwamba alinuna, ndiyo, ila mbuzi wa watu kawafukuza mara nne wasile miti yangu. Yangu, kaitaja hivyo, ya Flavian. Kwamba aliyeiua anajijua.

Karatasi yake iko chini ya daftari hili. Nimemdanganya kwamba natafuta maneno mazuri. Nimefika kwenye "anajijua", sijaweka nukta. Viazi vinapoa.

Sasa anataka nimsomee. Kwa sauti, mjukuu wangu, kama ulivyosoma ile ya kamati.