Uhamisho wa Mtongwe

Bi Rukia,

Shikamoo. Najua leo sitaisikia marahaba yako, lakini sikulelewa kumuuliza mkubwa swali kabla ya kumwamkia, na mimi nina maswali.

Jumapili tulikusomea arubaini nyumbani kwenu Jomvu Kuu. Ingawa mimi ni Mkristo, nilijitanda leso nikakaa mkekani na walimu wenzangu. Kila mmoja alikuwa na lake kuhusu miaka yako ya uafisa wa elimu. Huyu ulimtafutia madawati shule nzima, yule ulimrudishia bintiye darasani baada ya kujifungua. Mimi nilinyamaza. Langu lilikuwa lawama.

Unaikumbuka ile barua ya uhamisho? Nilikuwa nafundisha darasa la nne Kisauni, hatua chache kutoka kwangu, ukanipeleka Mtongwe, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, bila kunipa sababu. Nilikuja ofisini kwako nikilia. Ukaniambia, "Nenda, Kadzo. Mwaka ukiisha na hujapapenda, nitakurudisha." Sikurudi. Nilipapenda, na nikakasirika kwamba nimepapenda.

Basi baada ya dua nilimfuata Mwalimu Mishi, aliyekuwa naibu wa mwalimu mkuu kule Mtongwe, nikamuuliza kama aliwahi kuijua sababu. Akashangaa. "Wallahi, hakukwambia?"

Kumbe asubuhi moja ulikuja shuleni kwetu Kisauni bila taarifa, ukasimama nje ya dirisha langu. Ukanisikia nikimwambia mtoto aliyekwama kusoma, "Wewe ni mzigo. Mamako amechoka nawe ndiyo akakuleta kwangu."

Ni kweli nilisema, Bi. Namkumbuka na mtoto mwenyewe, Baraka, kidole chake kimeganda juu ya neno.

Mishi akasema siku ileile ulimpigia simu. "Kazi anaijua, ulimi ndio mchungu. Nikimwandikia onyo atajifunza kuniogopa mimi tu. Nakuletea. Mpe darasa la pembeni mwako, na usimwambie kitu."

Kati ya madarasa yetu palikuwa na ukuta wa plaiwudi. Kutwa nilimsikia Mishi akiwaambia watoto, "Haya baba, rudia, hatuna haraka." Mwanzoni ilinikera. Kisha siku moja nikajisikia nikisema maneno hayohayo. Nilidhani nimemwibia mwenzangu bila yeye kujua.

Ulipotutembelea uliniuliza, "Ukuta huu haukusumbui, Kadzo?" Nikakujibu kwamba nasikia kila kitu. Ukatabasamu, ukaendelea na chai yako. Nilifikiri unapanga kutujengea wa mawe.

Lakini ulijuaje kwamba itafaa? Je, kuna mtu aliyesimama dirishani kwako ulipokuwa mwalimu kijana? Na miaka yote ile tuliyokutana mikutanoni, hukuwahi kutamani kuniambia? Nimemuuliza binti yako, hajui. Mishi naye hajui. Sijui nimuulize nani mwingine.

Juzi nilimtafuta Baraka. Anachomelea mageti Changamwe. Maneno niliyokuwa nimeyapanga yalinipotea, nikasema tu kwamba nilimkosea na nimekuja kuomba radhi. Alizima mashine, akavua miwani. "Mwalimu, mimi nilidhani umesahau. Mimi sijasahau."

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza. Alinivutia kiti. Akataka kujua kwa nini leo, baada ya miaka yote hii, nikamweleza habari zako tangu mwanzo. Akauliza ulikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia mfupi, mwenye sauti ya chini, mtu wa kuja bila taarifa. Akauliza ulisimama dirisha lipi, la upande wa uwanja au la upande wa barabara. Hilo sikulijua.

Akasema, "Kwa hivyo kuna mtu mzima alisikia." Akalirudia tena, polepole, kama anajiambia mwenyewe.

Walimu wa Likoni wanaandaa kikao cha kukukumbuka na wameniomba nizungumze. Nakuahidi sitaanza na sifa zako. Nitaanza na neno nililomwambia Baraka, nilitamke lote mbele yao, ndipo nifike kwako.

Pumzika, Bi Rukia. Mungu akuweke penye raha.

Mwalimu wako,
Kadzo