Mgongo Usio na Namba

Jumapili, 2 Machi 1958

Tumeshinda nne kwa mbili. Mimi sikucheza. Namshukuru Mungu.

Nilikaa kiti changu kilekile nyuma ya goli, pedi miguuni, koti juu yake, jasho linanitoka na wenzangu wanatetemeka kwa baridi. Ligi yetu ya magongo ya barafuni, kila timu inasafiri na kipa mmoja tu. Mji wenyeji ndio unatoa wa akiba. Anakaa na mashabiki, na kipa akiumia – wetu au wao, yeyote – anashuka kwenye barafu anaziba nafasi. Hapa Val-Cormier huyo wa akiba ni mimi. Hajaumia mtu bado. Lakini kisahani, kile tunachokipiga kwa gongo, kikimgonga kipa, hata wa wageni, nalishika koti langu kwa mikono miwili.

Jezi yangu ni ya mazoezi. Mgongo mtupu, haina namba. Kaka yangu Rosaire ana 9. Watoto wa mtaani wote wamewasumbua mama zao wawashonee 9.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi. Rosaire kanipiga kisahani cha begani, mkono ukafa ganzi mpaka jioni. Kisahani ni kipande cha mpira kigumu kama jiwe, na sisi makipa uso uko wazi. Mwaka jana nilimuuliza kocha kama mtu anaweza kuvaa kitu usoni. Chumba kizima kikacheka. Mmoja akasema basi na sketi pia. Sijauliza tena.

Kuna kitu najua, sijamwambia mtu. Rosaire akitaka kupiga anatoa ncha ya ulimi. Ulimi ukitokea kushoto, anapiga kushoto. Ukitokea kulia, kulia. Tangu tukiwa wadogo, tunacheza mtoni kwenye barafu na mavi ya farasi yaliyoganda ndiyo kisahani chetu. Mwenyewe hajui.

Mechi ya mwisho atakuja mtu wa timu kubwa ya mjini kumwangalia. Rosaire ana miaka ishirini na sita. Mama anasema hatakuja mwingine. Akikosa safari hii anashuka mgodini na Baba, basi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemsaidia Mzee Philias kuondoa theluji mlangoni kwa uwanja. Yeye ndiye anayekata tiketi. Jicho lake la kushoto ni la kioo. Mwaka 1939 alikuwa kipa wetu, namba 1, akazuia kisahani cha mwisho kwa uso wake na tukachukua kombe. Picha yake iko kwa kinyozi, iko baa, iko mpaka kwa padri. Ukihesabu wanaosema walikuwepo siku ile, uwanja ungepasuka.

Sijui nini kilinituma. Nikamuuliza kama aliogopa.

Akaangalia kwanza kama kuna mtu karibu. Akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa nageuka nikimbie."

Nikadhani ananitania. Wapi! Anasema alimwona yule mtu anainua gongo, akageuza kichwa, miguu inaondoka, kisahani kikamkuta njiani. Angesimama pale kingempita pembeni. Miaka yote hii wananinunulia bia kwa kukimbia, akasema, tukaendelea na theluji.

Nimerudi nyumbani sijui nicheke au vipi. Kama Mzee Philias alikimbia, mimi je?

Jumapili, 9 Machi

Tumefungwa kule kwao Rapide-Chenard, tunaogombania nao kombe. Sasa sisi tumeshinda mechi tatu, wao tatu. Ya saba, ya kuamua, ni Jumamosi, hapa hapa kwetu. Nimehara.

Jumatano, 12 Machi

Nimekutana na Bwana Gaboury dukani. Ni msimamizi wa zamu mgodini, na timu yeye ndiye mwenyekiti. Hajawahi kuniona huyu. Leo kaniona. Kaniwekea mkono shingoni kama mtu anayepima ndama.

"Dogo, wewe ni wa kwetu. Hata ukivaa jezi ya nani."

Akachukua tumbaku yake akatoka. Muuza duka akajifanya anapanga makopo.

Nimemwambia Baba. Baba kaendelea kunywa supu ya njegere. Alipomaliza ndio akasema Gaboury ndiye anayepanga nani anafanya kazi pakavu na nani anashuka kule chini kwenye maji. Akaanza kukohoa. Kifua chake si kizuri tangu Krismasi.

Mbona aliniambia mimi? Hajaumia mtu!

Jumamosi, 15 Machi, mchana

Sijala. Rosaire kala mayai manne na mkate wote. Mama katushonea medali ya mtakatifu ndani ya fulana, mimi na yeye. Karatasi hizi naziweka ndani ya pedi. Nikiziacha hapa Rosaire atazisoma kwa sauti mezani.

Asiumie mtu. Asiumie mtu. Asiumie mtu.

Jumamosi, uwanjani

Naandika haraka haraka. Niko chumba cha wageni. Cha WAGENI.

Mbili kwa mbili, kimebaki kipindi cha mwisho. Aliyepiga ni Rosaire. Mimi niliuona ulimi, kushoto. Kipa wao, Wilbrod Chénier, alikuwa anaangalia gongo. Kisahani kikapanda. Kilivyogonga shavu, mlio kama ubao mkavu ukivunjika. Watu wakashangilia. Halafu wakanyamaza. Halafu wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, kuniangalia mimi.

Mzee Philias ndiye aliyekuja akanivua koti na kunishika mkono. Tunapita kwenye ngazi, mtu kaniambia nisijichoshe sana leo. Mwingine, nilale mapema, kesho kuna misa. Wakacheka. Gaboury alikuwa kasimama njiani. Kanigusa shingoni palepale, vidole viwili.

Daktari anasema mfupa wa shavu umevunjika, Wilbrod harudi. Wenzake wananiangalia kama mwizi wa kuku. Jamaa mmoja mkubwa kasema kwa sauti bora goli libaki tupu, goli tupu halina ndugu.

Rosaire kaja mlangoni. Kaniita nje, bado anahema. Siku zote ananiita Bubu.

"Mdogo wangu," akasema. "Nikija peke yangu golini napiga chini, mkono wako wa kulia. Wewe lala kushoto. Uso wako siugusi, naapa kwa Mama."

Akanishika jezi yangu ya mazoezi, kifuani, kwa nguvu. Akasema ni leo tu, hataniomba kitu tena maishani. Yule mtu wa mjini kakaa safu ya pili, kavaa kofia ya manyoya. Nimemwona. Halafu kocha wa wageni akatoka, akamfukuza.

Kwa hiyo nikilala kushoto, uso wangu mzima, Baba pakavu, Rosaire anaenda mjini. Kila mtu. Ni kuanguka tu upande mmoja. Mimi naanguka kila siku.

Wilbrod kakaa kwenye benchi, kitambaa usoni, jicho limefumba lote. Jezi kaivua mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Kanipa. "Inabana kwapani," akasema. Basi. Hakuniuliza mimi ni ndugu wa nani.

Ya kijani. Imelowa. Damu ya kwenye kola bado ya moto. Mgongoni namba 1. Sijawahi kuvaa namba.

Kocha wao kachuchumaa mbele yangu. Kaniuliza polepole kama mtu anavyoongea na farasi: huyo 9 ni kaka yako, kuna kitu unakijua? Nimeangalia viatu. Kangoja. Nimeendelea kuangalia viatu. Kainuka.

Nje wanaimba jina la Rosaire, mpaka ukuta unatetemeka. Nimejaribu kufikiria gongo lake tu. Au kisahani. Au barafu. Siwezi, nikifumba macho nauona ulimi. Sina pa kuangalia pengine. Nikiuona nitajua, na nikijua mkono wangu utakwenda wenyewe kukizuia kisahani, hauniulizi mimi, haujawahi kuniuliza –

Wanasimama. Mlango umefunguliwa, baridi inaingia. Wilbrod kanivuta jezi kwa nyuma, anasema ngoja kwanza, namba imepinda