Nanasi la Bankstown

Mdogo wangu Rehema,

Marahaba, maana najua ungeniamkia. Baridi ya Julai huku inauma, lakini mimi nadunda tu.

Jana nilikwenda sokoni Bankstown, mtaani kwetu huku ugenini, na mjukuu wetu Neema. Mama yake alikuwa ameniandikia karatasi ya Kiingereza nimwoneshe muuzaji. Nikaiacha mezani makusudi. Kwa mzee mmoja wa Kilebanoni anayeuza matunda nikainua nanasi, nikalinusa kwenye kitako kama tunavyofanya Kigoma, nikatamka kwa sauti: "Nanasi!"

Mzee akacheka. "Ananas, mama, ananas!"

Mama wa Kituruki nyuma yangu naye akasema kwao ni ananas. Mkongomani mmoja akadakia kwamba hata Kifaransa ni hivyohivyo. Neema akanivuta kitenge kwa aibu: "Bibi, no! Pineapple!" Foleni nzima ikamgeukia kumfundisha.

Nyumbani sikumpa kipande mpaka alipolitaja vizuri. Leo asubuhi kaulizwa anataka kula nini, akajibu, "Nanasi, tafadhali." Mama yake, aliyekuwa ananiandikia karatasi nyingine, akaweka kalamu chini.

Nakukumbatia kwa nguvu, mdogo wangu. Ukimenya nanasi huko, kipande cha kwanza ni changu.

Dada yako,
Yustina