Mawe Matatu Kutoka Marachi

Jumatatu, 12 Januari 1998

Chapati zimeisha kabla ya saa nne. Foleni ya malori haisongi, madereva wamekwama, na dereva aliyekwama anakula tu. Nimesukuma, nimekaanga, nimesukuma. Mvua bado. Hoteli ya Mzee Wesonga inavuja pale pale juu ya meko, kwa hivyo napika nimeinamisha kichwa kama mtu anayeomba.

Kisha gari la kipaza sauti likapita. Kipindupindu kimeingia. Amri ya dharura: hoteli zote na vibanda vyote vya chakula vifungwe leo, mpaka itangazwe tena. Mzee Wesonga alifunga mlango huku dereva mmoja bado anatafuna.

Nimekuja nyumbani na sufuria ya madondo, yale maharagwe ya hotelini. Watoto wangu, Taaka na Barasa, wamekula wakashiba. Ya kesho sijui.

Jumanne, 13 Januari

Amri inasema pia kila mtu achemshe maji ya kunywa. Vizuri. Nichemshie wapi? Nusu ya Busia imekula chakula changu na nyumbani kwangu hakuna hata jiko. Sikuwahi kulihitaji. Tangu nije mjini na watoto, chai inatoka hotelini, ugali unatoka hotelini, narudi jioni na sufuria iliyofunikwa.

Nimechemshia kwa Amoit. Ni mtu wa Chakol, anaosha vyombo hapo hapo hotelini, tumepakana ukuta. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya tatu aliangalia makaa yake, hakuniangalia mimi. Nimeona aibu.

Alhamisi, 15 Januari

Baraza, kwenye matope. Kumbe amri ina sehemu ya pili. Hakuna kufuta mtu kazi kwa sababu hoteli imefungwa. Na jamii za wafanyakazi zitapewa unga na maharagwe mpaka kazi zifunguliwe. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka mikono ikauma.

Halafu mtu akauliza jamii ni nini. Hapo ndipo mambo yaliharibika. Huyu anasema ni mume na bibi. Yule anasema hata shemeji anayelala sebuleni. Mama mmoja akauliza kama watoto wake wanaolala ng'ambo, upande wa Uganda, wamo. Mkubwa aliyeleta amri akaisoma tena, neno kwa neno, polepole, kana kwamba shida yetu ni masikio.

Naibu wa chifu ndiye aliyemaliza kelele. Atapita nyumba kwa nyumba ahesabu majiko. Jiko moja, jamii moja. Kila mtu alielewa. Nilitembea kuja nyumbani nikiwaza jiko nisilo nalo.

Ijumaa, 16 Januari

Nimejiaibisha. Nilikopa jiko la makaa la Amoit. "Chukua," alisema, "lakini urudishe na moto wake." Nikaliweka katikati ya chumba, nikapanga sufuria kando, nikakaa karibu nalo.

Naibu alikuja amevaa mabuti ya mpira. Akaliinamia. "Hili nimetoka kulihesabu hapo jirani. Halina shikio moja."

Taaka akacheka, nikamkata jicho.

Naibu ni Mmarachi, kama watu wa marehemu mume wangu. Aliketi, akawa mpole, na upole wake ulikuwa mbaya zaidi. "Dada, jiko si bati. Mama mkwe wako alikuwekea mawe?"

Nilimwambia ukweli. Hapana. Kule bibi mpya anapikia kwa mama mkwe, mpaka siku mama mkwe mwenyewe ampangie mawe yake matatu na kumwashia moto. Mume wangu Ouma alikufa kabla siku hiyo haijafika. Wazee wakataka nirithiwe na ndugu yake. Nilikataa, nikabeba watoto, nikaja Busia.

"Basi wewe ni mtu mmoja tu," alisema. "Watoto ni wa kwao. Wakale kwao."

Sijui kama hiyo ni sheria ya serikali au ya Marachi. Nadhani hata yeye hajui. Mama mkwe ameshatuma mtu mara mbili kuwaomba watoto. Nikikosa unga, ataomba mara ya tatu na nitakosa jibu. Siwezi kuishi bila hawa watoto. Nimeandika, basi.

Jumamosi, 17 Januari

Mzee Wesonga ana wazo. Aniandikishe kwake, kama mtu wa nyumbani. Wa nyumbani namna gani, nikauliza. Akaangalia paa. Mke wake alikuwa amesimama hapo mlangoni na mwiko. Nikaaga.

Watoto wamekula mihogo mibichi. Na mimi.

Jumatatu, 19 Januari

Nimeenda Marachi. Nilimwachia Amoit watoto kwa makusudi. Niliogopa wakifika kule wasirudi.

Mama mkwe amezeeka. Alinipa kiti, akaniuliza watoto nimewaacha na nani. Nilisema yote niliyokuja nayo. Hoteli, amri, majiko, naibu na mabuti yake, hata lile jiko lisilo na shikio. Kisha nikaomba. Nilipiga magoti, ingawa nilikuwa nimeapa njiani kwamba sipigi.

Aliinuka akaenda kukata ndizi. Nikangoja. Akarudi na mkungu, akaufunga kwa kamba, akaniambia nisichelewe, mvua inakuja.

Hiyo ni ndiyo au hapana? Nimeuliza hizi ndizi njia nzima. Nimekasirika na ninazila.

Jumatano, 21 Januari

Barasa ameamka anahara. Kisha ametapika. Nilikufa nikiwa nimesimama.

Jana nilimpa maji ambayo hayakuchemshwa. Niliona haya kubisha tena kwa Amoit. Haya tu. Amoit alinitukana kwa Kiteso, akachemsha maji, akatia chumvi na sukari, akamnywesha kijiko kwa kijiko. Mchana tumbo limetulia. Jioni ameomba ndizi. Si ule ugonjwa.

Kama mama mkwe angekuja leo kuwachukua, ningewatoa.

Alhamisi, 22 Januari

Amekuja leo.

Boda boda ilisimama mlangoni, mwenye baiskeli akihema na kulalamika. "Huyu mama amebeba mlima!" Nyuma ya mama mkwe, kwenye kiti, gunia limefungwa. Nilijua amekuja kuchukua watoto. Nikaanza kukunja nguo za Taaka. Nilizikunja vibaya.

Alifungua gunia. Mawe matatu, meusi kwa masizi upande mmoja. Akaniuliza mlango wangu unaangalia wapi. Akayapanga kwenye kona, akayatikisa, akayapanga tena. Akawasha moto kwa kuni alizokuja nazo. Ugali wa kwanza alisonga yeye, wa pili akaniambia nisonge mimi. Chumba kilijaa moshi mpaka tukalia sote. Mwenye nyumba atasema nini, sijui.

Nilimuuliza, kwa hivyo mimi sasa ni nani? Nimerudi kwenye boma? Natakiwa kurithiwa? "Wewe pika," alisema.

Ameondoka na boda boda ile ile. Watoto hakuwagusia. Sielewi. Nimefurahi na sielewi.

Jumatatu, 26 Januari

Nilimwita naibu mwenyewe aje aone. Alisimama mlangoni, akatazama mawe, akavua kofia. Kisha akajikuna shingo.

Mambo ya majiko yaliachwa wiki iliyopita, alisema. Ofisini walimwambia amri haisemi jiko popote. Unga unapitia kwa mwenye hoteli, kila mfanyakazi na watoto anaokaa nao. Mzee Wesonga alishapeleka majina tangu Jumanne. Langu lilikuwa pamoja na la Amoit.

Jumanne. Siku ile nilikuwa namnywesha Barasa maji mabichi. Tangu hapo unga wangu ulikuwa umefungiwa kwa Mzee Wesonga. Yeye alidhani naibu ametuambia, mimi na Amoit, naibu alidhani Mzee ametuambia.

Niliwapigia kelele wote wawili. Kisha nikabeba unga na maharagwe, nikarudi nyumbani, nikapika. Nililia kidogo, na safari hii haukuwa moshi.

Jumatatu, 9 Februari

Hoteli zimefunguliwa. Tumesugua kuta, tumeweka ndoo ya maji ya kunawa mlangoni. Chapati, madondo, matumbo. Mzee Wesonga hajaziba paa.

Nilirudi na sufuria ya hotelini kama zamani. Watoto hawakuitaka. Wanataka ya kwenye mawe. Taaka akauliza habari za nyanya yake: Kukhu sasa anapikia wapi?

Sikuwa nimefikiria hilo.

Jumapili, 15 Februari

Tumeenda Marachi, sote watatu.

Jikoni kwake kuna majivu na mashimo matatu. Anapikiwa na jirani. Nilimuuliza kwa nini hakuniletea mawe mapya, mtoni yamejaa. Alisema naibu wangu ana macho. Ameshajua jiko la kukopa. Mawe meupe angejua ni ya juzi.

Sikumwambia kwamba mawe hayakuhitajika.

Tulishuka mtoni na watoto. Barasa alitaka makubwa, Taaka alichagua ya bapa. Tulipoyafikisha jikoni, mama mkwe alisimama kando akayaangalia. Wa kumwekea yeye, mama mkwe wake, alikufa zamani, alisema. Ataweka nani? Nikadhani ananiuliza. Kumbe alikuwa ananionyesha mahali.

Nimeyaweka mimi. Moja linacheza kidogo. Ameteleka chai hapo hapo.