Koti Ndani ya Sabufa

Shemeji,

Nimelifungua lile kasha la sabufa yetu. Nianze na hilo, maana najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya hali ya dada yangu. Skrubu nane zilitoka bila taabu. Silikoni uliyopaka kuzunguka spika ndiyo iliyonisumbua, nikaikata kwa kisu cha jikoni, na mahali pamoja nikaikwaruza mbao. Msasa utaondoa.

Watu wanasema nimebadilika. Mimi najiona niko vilevile, ila kama nimezibwa pamba masikioni. Jeneza lako nilitengeneza mimi, kwenye karakana ileile ya Igoma, kwa gundi iliyobaki kwenye kopo letu. Pembe zilikaa sawa. Wenzangu walikuwa wanalia, mimi naangalia kama kifuniko kinafunga vizuri. Mpaka leo sijalia, na sijui kama huu ni ushujaa au ni ugonjwa.

Unakumbuka ule mchele tuliopimia ujazo wa kasha? Mtu mwingine angechukua rula akazidisha. Wewe, mwalimu mzima wa fizikia, ukaniambia seremala hapimi hewa, hewa inapimwa kwa kitu kinachomwagika. Ukaburuta kiroba cha mchele alichotuma mama yako kutoka Magu, tukaujaza kwenye kasha kwa kopo la lita moja, nawe unahesabu kwa sauti kama unaita mahudhurio. Lita hamsini na mbili. Kisha tukaurudisha kwenye kiroba pamoja na vumbi la mbao. Jumapili yake Neema akapika wali, wageni wakawa wanatafuna huku wanatazamana, wewe ukasema nyuzinyuzi ni nzuri kwa tumbo. Dada alininunia mimi wiki nzima, wewe akakusamehe siku ileile.

Halafu sponji ikapungua. Kasha lilitaka kitu laini ndani, na kipande cha godoro tulichokuwa nacho kilitosha pande mbili tu. Ukaingia chumbani, ukatoka na lile koti zito la marehemu baba yako, ukasema utalipigilia ukuta wa nyuma. Ulisema Mwanza hakuna baridi ya kuvalia koti kama lile, acha lifanye kazi. "Dada yako akijua, nahamia kwako Igoma." Nikacheka, nikaapa kunyamaza. Nilitoka kidogo kuchanganya gundi na vumbi la mbao la kuzibia nyufa. Niliporudi ulikuwa umeshalipigilia koti na kuweka spika mahali pake.

Tuliijaribu sabufa yetu mara moja, kwa ngurumo ya radi uliyoitoa kwenye simu. Vikombe vya kabatini vikatetemeka, na Neema akatoka jikoni mbio kwenda kuanua nguo. Jua lilikuwa linawaka. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Tukapanga Jumapili wote tuangalie filamu hapo sebuleni kwako Buhongwa, kama watu wa ukumbini. Alhamisi ukaanguka darasani na chaki mkononi.

Sasa nikueleze kilichotokea nyumbani kwenu Magu. Siku ya kuanua matanga, nguo zako zilitandazwa kwenye turubai ili wazee wazigawe. Mashati, suruali za kazini, viatu. Shangazi yako akapekua mara mbili, kisha akamgeukia dada yangu. "Mke wetu, koti la kaka yangu liko wapi?" Neema akasema hajui, na kweli alikuwa hajui. Koti lile lilikuwa liende kwa mdogo wako Doto, kama lilivyokuja kwako. Wakasema hakuna nguo itakayogawiwa mpaka koti lionekane, na mjane hataondoka pale. Mtu mmoja nyuma yangu akasema limeshahamia kwa kaka zake. Kaka aliyekuwepo pale ni mimi peke yangu.

Nami nikanyamaza, shemeji. Nikapanda gari nikarudi Mwanza, nikamwacha.

Siku mbili nilijiambia nakutunzia siri. Uongo mtupu. Uliniambia kasha likizibwa sawasawa hewa ya ndani haina pa kutokea. Basi mimi nikashika hilo. Humo ndani ilikuwamo hewa ya siku ile, tuliyokuwa tunaivuta wewe na mimi, na nikifungua itaondoka kama ulivyoondoka. Kwa ajili ya hewa nilimwacha dada yangu akae kwa wakwe anaitwa mwizi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya tatu nilifungua. Harufu ilikuwa ya gundi tu. Nikang'oa koti, nikalikung'uta, nikalipeleka Magu likiwa na matundu ya pini mgongoni. Nikaeleza yote mbele ya wazee. Shangazi yako aliyashika yale matundu moja moja, kisha akasema, "Huyu mtoto tangu zamani alikuwa anafungua redio za watu." Akacheka na kulia kwa pamoja, akamwomba Neema radhi. Doto alilivaa palepale na joto lile, jasho likimtiririka. Nguo zikagawiwa.

Neema hakucheka. Njia nzima ya kurudi aliniuliza jambo moja tu: "Ulijua tangu siku ya kwanza?" Nikasema nilijua. Akageuzia uso dirishani.

Tulipofika Buhongwa nilimwomba aje sebuleni. Kuna kitu nilikiona nilipong'oa koti, sikukisema Magu. Nikawasha tochi, nikamwambia achungulie tundu la spika. Kule nyuma, mahali koti lilipokuwa, kuna mwandiko wako wa chaki: *52, toa 3 za koti, 49. Koti ni la muda tu, hadi sponji ipatikane. Neema asinune.*

Alisoma. Hakuinuka. Aliingiza uso wote kwenye lile tundu, akashika kasha kwa mikono miwili, ndipo akaanza kulia. Kasha likakipokea kile kilio na kukitoa kikiwa kizito, cha chini kabisa, mpaka nikakisikia kwenye miguu. Ndiyo sauti uliyokuwa unaitafuta, shemeji. Mimi nilishika tochi tu.

Asubuhi alinipa chai. Bado hajasema mengi.

Kaa vizuri huko Magu. Siri yako nimeivunja, nami nilipaswa kuivunja mapema. Jumamosi nitanunua sponji, nitaikata ienee pande zote isipokuwa pale nyuma ulipoandika. Najua sauti haitakuwa safi kama ulivyotaka. Itabaki hivyo.

Shemeji yako wa Igoma