Doa Chini ya Unyayo

Jumatatu, 3 Machi

Picha mia na ishirini leo. Ngozi tupu—migongo, viganja, nyayo, hakuna hata uso mmoja. Nafungua picha kwenye tovuti, nabonyeza nukta moja moja kuzunguka doa mpaka umbo lifunge. Mstari mwekundu kama linatia shaka, wa kijani kama ni la kawaida. Eti kompyuta ijifunze kuyatambua madoa ya saratani.

Jioni baba watoto kavua viatu, kapandisha miguu kitini. Nikaliona! Unyayo wa kushoto, jeusi, kingo zimepindapinda. Anasema ni rangi tu—fundi viatu, rangi haimwishi mwilini. Nikasugua kwa sabuni. Halikutoka.

Jumatano, 5 Machi

Hataki hospitali. Anasema tangu nianze kazi hii kila chunusi naiona msiba. Sawa. Nikangoja asinzie mchana, nikachukua kalamu ya wino, nikalizungushia nukta kumi na moja, nikaziunganisha. Likivuka mstari, tutajua linakua. Mtekenyo ukamwamsha, akauliza kama mguu wake nao ni wa kazini. Tukacheka mpaka machozi. Yangu hayakuwa ya kicheko tu.

Macho Manne—mkaguzi wetu, yule wa miwani mikubwa—kanirudishia picha thelathini. Eti nazungushia hata vivuli. Na niache kuandika "pole" kwenye sehemu ya maoni. Pale ni pa kuripoti picha yenye ukungu, basi. Nikirudia, naondolewa.

Ijumaa, 7 Machi

Amekubali! Safari hii sikumgombeza. Nilimwambia tu kwamba naogopa. Akavaa viatu.

Daktari kaona duara la wino, kauliza nani aliyechora. Nikatazama dari. Akachukua kiwembe, akakwangua juujuu, polepole—weusi ukatoka wote.

"Ni damu iliyovilia, mama. Mrudishe nyumbani."

Ndipo bwana akakumbuka: msumari wa soli ulimchoma mwezi uliopita! Na siku ile wala hakuniambia. Nimekaa kwenye benchi la nje nikalia kama mtoto. Asante Mungu. Njiani akawa anachechemea makusudi, kunitania. Nyumbani nimekula sahani mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi imenyooka. Vivuli nimeviacha. Macho Manne kasema hivyo ndivyo anavyotaka.

Picha ya hamsini na nane—unyayo. Wa kushoto. Nimeikuza. Rangi mbili, kingo zimekatikakatika, linapanda kuelekea kidoleni. Hili si la msumari. Nukta ishirini na sita, mkono umetulia. Mstari mwekundu. Kazi yangu imeishia hapo.

Lakini huyu naye ana mtu wa kumtazama nyayo? Picha haina jina, ina namba tu.

Baba watoto kaleta chai, kachungulia begani kwangu. Kaweka kikombe mezani:

"Waandikie."

Nimemwambia wataniondoa. Kavuta kiti, kakaa.

Kwenye sehemu ya maoni nimeandika: Tafadhali mtafuteni mwenye mguu huu, aende hospitali. Maneno yapo kwenye skrini, nami nimekimbilia daftari hili. Sijabonyeza kutuma. Chai inapoa. Yeye bado yupo, mguu wa kushoto juu ya goti, duara langu la wino halijafutika, ananitazama mkono—